Ulidungwa sindano ya mapafu ukiwa mjamzito? Namna ya kumfuatilia mwanao, mudi yake na kinga yake

Hii nawaandikia akina mama wa huku kwetu, kuanzia Malindi na Mambrui mpaka Lamu, Faza na Kizingitini, ambao uchungu uliwashika kabla ya wakati, au chupa ilipasuka mapema, au presha ilipanda mimba haijafika, wakafikishwa hospitali wakadungwa sindano wakaambiwa hii ni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mtoto akazaliwa, alhamdulillah, mkarudi nyumbani. Sasa ana miaka mitatu, au saba, au kumi na mbili, na kuna mambo unayaona, labda ni mwepesi wa kulia na ana wasiwasi mwingi, labda kifua hakimuishi, ukaanza kujiuliza kama ile sindano inahusika. Ama huoni chochote ila umesikia mtu akisema steroidi, aina ya dawa iliyomo kwenye ile sindano, zinaharibu watoto na tangu siku hiyo roho haijatulia.

Nianze na jambo moja, na ukiacha kusoma hapa basi ondoka na hili. Ile sindano ni ya kuokoa maisha na imeokoa watoto wengi sana, lakini ni dawa yenye nguvu iliyopita mpaka kwa mtoto, na habari yake inabaki kwenye faili la mama wakati anayeishi nayo ni mtoto. Faili la mama linafungwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto anaendelea na buku yake ya kliniki, na hiyo buku mara nyingi haina hata mstari mmoja kuhusu sindano. Miaka inapita, daktari mwingine kabisa anamwangalia mtoto na hajui. Kwa hivo kazi yako ya kwanza ni kuihamisha hiyo habari kutoka kwako kwenda kwa mwanao, kimaandishi.

Jua kwanza ulidungwa nini

Steroidi tunazozungumzia hapa si zile za watu wa jim za kujaza misuli. Hizi ni ndugu wa kotisoli, homoni ambayo mwili wako mwenyewe unaitengeneza, inayopanda asubuhi ukiamka na inayopanda zaidi ukipata stresi. Huku kwetu inayotumika sana ni deksamethasoni, miligramu 6 mara nne, kila baada ya saa 12. Nyingine ni betamethasoni, miligramu 12 mara mbili, saa 24 katikati. Kama unakumbuka ulidungwa mara mbili tu huenda ilikuwa betamethasoni, au ulizaa kabla dozi, yaani zile sindano zote kwa pamoja, haijaisha, na hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Ilivoanza ni hivi. Daktari Graham Liggins kule New Zealand alikuwa anachunguza kondoo miaka ya 1960 akitaka kujua nini kinaanzisha uchungu, akaona wanakondoo waliopewa hizi steroidi tumboni wakizaliwa mapema mno wanapumua wakati hawakutarajiwa kupumua kabisa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa akina mama, matokeo yakatoka 1972. Dawa inayaharakisha mapafu yatoe safaktanti, ule utelezi unaozuia vijifuko vya hewa visigandamane mtoto akitoa pumzi. Na tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu, manake Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa uliotoka 2020 na Kenya ilikuwa ndani, pamoja na Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Akina mama 2,852, mimba za wiki 26 mpaka 34. Waliopata deksamethasoni, watoto waliofariki kabla ya siku 28 walikuwa asilimia 19.6, na ambao hawakupata asilimia 23.5. Yaani kwa kila watoto 25 hivi, mmoja zaidi alibaki hai kwa sababu ya sindano. Kwa hivo tafadhali usikae na hatia kwamba ulikubali, na usimwambie mama mwingine aikatae.

Namna ya kuipata habari yako: nenda ofisi ya rekodi ya hospitali ulipolazwa, beba kitambulisho, ile karatasi uliyopewa ukiruhusiwa, na tarehe hata kama ni ya kukisia. Omba muhtasari wa kulazwa na chati ya dawa ya wodi. Ni haki yako, sheria ya kulinda data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zinazokuhusu. Usiende ukiomba kama mtu anayeomba msaada, wala usiende na ukali, sema tu unazihitaji kwa matibabu ya mtoto. Ukizipata piga picha na simu, na picha mtumie na mtu mwingine unayemuamini manake simu zinaibiwa na zinaanguka baharini.

Alafu andika kwenye buku ya mtoto, ukurasa wa mbele au popote penye nafasi, kitu kama hiki: "Mama alidungwa deksamethasoni miligramu 6 mara 4, mimba ikiwa wiki 31. Mtoto alizaliwa wiki 38, kilo 2.9." Hivo tu. Vitu vitano: dawa gani, ngapi, mimba ilikuwa na wiki ngapi, mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, na uzani. Ikiwa ulirudiwa dozi ya pili wiki nyingine, hilo andika na upigie mstari.

Hiyo ya wiki alizozaliwa mtoto ni muhimu kuliko watu wanavodhani, na nitaeleza kwa nini.

Inavofika kwa mtoto

Mama ana kotisoli nyingi kuliko mtoto aliye tumboni. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachokamata kotisoli ya mama na kuizima, ili mtoto apate kidogo tu kinachomfaa. Sasa deksamethasoni na betamethasoni kimeng'enya hicho hakiziwezi vizuri, zinapita karibu zilivo. Ndo maana zilichaguliwa, zisingepita zisingefika kwenye mapafu. Lakini zikishapita haziendi kwenye mapafu peke yake. Ubongo wa mtoto una sehemu zinazopokea kotisoli kwa wingi, hasa zile za kumbukumbu na za hofu, na ndizo zinazofundisha mwili stresi ipande lini na ishuke lini. Na nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi, shule ya chembe za kinga, ambayo inanywea ikipata steroidi nyingi. Kwa hivo watafiti wakaanza kuuliza: je mtoto huyu akikua, stresi yake inapanda haraka zaidi? Inachelewa kushuka? Kinga yake je?

Walichokiona kuhusu mudi

Hapa nataka tusome pole pole manake ndo panapotisha watu.

Finland wanaweka rekodi za kila mama na kila mtoto, wakafuatilia watoto 670,097, utafiti ukatoka 2020. Waliopata steroidi tumboni walikuwa kama 2 kwa kila 100. Kati ya hao waliopata, asilimia 12.01 walikuja kuandikiwa tatizo fulani la kiakili au kitabia, na ambao hawakupata asilimia 6.45. Ukisikia hivo tu unashtuka. Lakini wengi wa waliopata walizaliwa kabla ya wakati, na kuzaliwa kabla ya wakati peke yake kunaleta hayo matatizo, kwa hivo huwezi kuilaumu sindano moja kwa moja. Walipowatenganisha, waliozaliwa kabla ya wakati hakukuwa na tofauti ya maana, sindano haikuwaongezea hatari. Tofauti ilibaki kwa wale ambao mama alidungwa, uchungu ukatulia, mimba ikaendelea mpaka ikafika. Hao asilimia 8.89 dhidi ya 6.31. Na hao si wachache, karibu asilimia 45 ya waliodungwa kule walizaa mimba ikiwa imefika.

Sasa geuza hiyo hesabu. Kwa watoto 100 waliopata sindano na wakazaliwa kwa wakati, 91 hawakuandikiwa tatizo lolote katika miaka waliyofuatiliwa. Kwa wasiopata, 94 hawakuandikiwa. Tofauti ipo, ni ndogo, na mama anayedungwa tayari ana kitu kilichompeleka hospitali, presha, maambukizi, stresi, vitu ambavyo vyenyewe vinamgusa mtoto. Walilinganisha hata ndugu wa tumbo moja, mmoja alipata mwingine hakupata, na tofauti bado ikaonekana, kwa hivo si jambo la kupuuza, ila pia si hukumu.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawautaji. Wale watoto wa New Zealand wa jaribio la kwanza wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Wakiwa na miaka 31 walipimwa 192 kati yao, akili, kumbukumbu, huzuni, wasiwasi, namna wanavyoyaona maisha yao, na waliopata betamethasoni hawakuwa tofauti na waliopewa dawa bandia. Moyo na presha pia wamefuatiliwa mpaka karibu miaka 50 bila kuonekana madhara makubwa. Hao walipata dozi moja tu. Mimi nikisoma haya yote kwa pamoja naona hivi: mtoto njiti aliyepata sindano, sindano ilimfaa kuliko kumdhuru. Mtoto aliyepata sindano akazaliwa amefika, huyo ndo wa kumtupia jicho zaidi, bila hofu, ila kwa mpango.

Namna ya kumtupia jicho

Mtoto mchanga hana mudi ya kukuelezea, ana usingizi, kunyonya na kulia. Wa kumtupia jicho ni yule ambaye hatulizwi na kitu chochote, kila siku, wiki baada ya wiki, au kinyume chake, yuko kimya mno, hakutazami machoni, hatabasamu akifika miezi mitatu ya kurekebishwa. Kurekebishwa ni kwamba unatoa zile wiki alizowahi: alizaliwa wiki nane kabla, basi akiwa na miezi mitano kwa kalenda wewe mhesabie mitatu. Kwa ukuaji tumia hesabu hiyo mpaka afike miaka miwili. Mama wengi wanalia bure kwa kumlinganisha mwana wa miezi saba na mwana wa jirani aliyezaliwa amefika.

Kuanzia miaka miwili mpaka sita angalia mambo haya: akishtuka anachukua muda gani kurudi sawa, usingizi wake ukoje, anaweza kukaa na kitu kimoja dakika chache, anaweza kuachwa na bibi yake bila kuanguka chini nusu saa. Kila mtoto ana siku mbaya. Unachotafuta ni jambo linalojirudia, mahali zaidi ya pamoja, na linalomzuia kufanya vitu vya rika lake. Kwa hivo usiangalie nyumbani peke yake. Muulize mwalimu wa chekechea, muulize na maalim wa chuo, tena uliza wazi, "mwanangu anakaa vipi na wenzake?", usiulize "anasumbua?" manake ukiuliza anasumbua utajibiwa hapana kwa heshima tu.

Chukua daftari. Wiki mbili zatosha. Kila ikitokea andika saa, kilichotangulia, alifanya nini, ilichukua muda gani kutulia, usiku uliopita alilala saa ngapi mpaka saa ngapi. Kuna mama mmoja wa mtaa wetu aliandika hivo akagundua mtoto wake analipuka siku zile tu alizokosa usingizi wa mchana, na akaanza kutatua hapo kabla hata hajafika kliniki. Ukienda kwa daktari na daftari unasikilizwa tofauti na ukienda na "ana hasira tu daktari".

Akiwa mkubwa, miaka saba na kuendelea, wasiwasi mara nyingi haujiiti wasiwasi. Unajiita tumbo linauma kila Jumatatu, kichwa, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kukataa shule. Kwenye ujana angalia kujifungia, kuacha vitu alivopenda, kulala mchana kutwa au kutolala, kusema hana maana au ingekuwa bora asingekuwepo. Hilo la mwisho hulingoji wiki mbili. Siku hiyo hiyo unampeleka hospitali na humuachi peke yake.

Nyumbani kinachomsaidia mtoto ambaye stresi yake inapanda haraka ni siku inayotabirika. Kula wakati ule ule, kulala wakati ule ule, na kumwambia mapema kinachokuja. Kama mko Lamu na Maulidi yanakaribia, ngoma, dufu, watu, punda, mbio, mwambie siku mbili kabla kutakuwa na kelele na mtakaa upande gani na mkichoka mtarudi. Harusi vilevile, safari ya boti vilevile. Na kumchapa mtoto aliyelipuka kunaongeza kile kile unachotaka kipungue, hili naliomba sana kwa akina baba na wajomba pia. Mshike, punguza sauti, ngoja ashuke, mazungumzo baadaye.

Wengine mtaambiwa ni jicho au kuna kitu kimemgusa. Dua na kisomo haviharibu chochote, msomeeni, lakini kliniki pia muende, viwili haviparurani. Omba kuonwa na daktari wa watoto au watu wa okupesheno therapi, wale wanaomsaidia mtoto aweze shughuli zake za kila siku, hospitali kubwa za kaunti huwa nao, na uanze kwa kufungua ule ukurasa wenye maandishi ya sindano.

Na wewe mama. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati mama anakaa na hofu miezi mingi, wengine wanaingia kwenye huzuni nzito na hakuna anayewaona kwa sababu macho yote yako kwa mtoto. Mudi yako inaingia kwenye mudi yake kila siku, kuliko sindano iliyopita mara moja. Ukiona hulali hata mtoto akilala, hufurahii kitu, unafikiria mabaya, sema kliniki kwa kutamka kabisa.

Upande wa kinga

Hapa Taiwan ndo wametoa hesabu kubwa. Utafiti wa 2023, watoto karibu milioni 2, ukaonyesha waliopata steroidi tumboni walilazwa zaidi kwa maambukizi makali, sumu ya damu, numonia, kuendesha kukali, na katika miezi 6 ya kwanza hatari ilikuwa juu kwa karibu theluthi. Theluthi ya kitu kidogo bado ni kidogo, watoto wengi sana hawakupata chochote. Lakini inakuambia mwaka wa kwanza ndo wa kuwa macho, na hilo lina mambo ya kufanya ya wazi kabisa.

Chanjo kwa tarehe aliyozaliwa. Hapa ile hesabu ya kurekebisha hutumii. Wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Mama wa njiti wengi wanachelewesha wakisema mtoto bado mdogo, na huyo mdogo ndiye anayezihitaji zaidi. BCG, ile ya kifua kikuu, peke yake ndo huenda nesi akakwambia ngoja uzani upande, chanjo nyingine yoyote akikwambia ngoja muulize sababu. Kama uko visiwani na kusi limechafuka, usingoje siku ya mwisho ya tarehe, panga safari bahari ikitulia au muulize mhudumu wa afya wa jamii siku ya kliniki ya karibu nawe.

Maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata kama ni ya kukamua na kumnywesha kwa kikombe. Na kangaruu, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, baba pia anaweza, hii si ya hospitali tu, endelea nayo nyumbani mpaka mtoto mwenyewe akatae.

Kisha ile arobaini yetu. Wazee walituwekea siku 40 mama na mwana wakae ndani, na kwa mtoto wa aina hii ni desturi nzuri mno, itumie vizuri. Mwenye mafua asiingie, hata kama ni mama mkwe, na mwambieni kwa adabu mapema, baba wa mtoto ndo aseme. Wote wanawe mikono kabla ya kubeba. Kitu kimoja tu cha arobaini naomba tukiache, moshi. Ubani na udi chumba alicholala njiti, mkaa ndani, sigara barazani dirisha liko wazi, mapafu yake hayajakaza. Kama lazima mfukize, mtoto awe chumba kingine na hewa ipite kabla hajarudishwa.

Dalili za kukimbia nazo mtoto akiwa chini ya miezi miwili: hanyonyi au ameacha kunyonya vizuri, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (mhesabu dakika nzima akiwa ametulia), kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, joto la kwapani 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, degedege, au hasogei mpaka umguse. Baridi watu wanaisahau. Mtoto mdogo mwenye maambukizi anaweza kuwa baridi badala ya moto. Mkifika sema, "mtoto huyu mama yake alidungwa deksamethasoni," fungua ukurasa. Hapo uko kazini, huhitaji kuona haya.

Baada ya mwaka wa kwanza, ukiona anaugua ugua mafua ya kawaida mara sita au nane kwa mwaka, hasa akianza chekechea, hiyo ni kawaida ya watoto. Numonia mbili ndani ya mwaka mmoja, majipu yasiyokwisha, utandu mweupe mdomoni usiopona, au uzani kutopanda, hayo si ya kusema ni utoto.

Steroidi zingine ambazo mama hazihesabu

Akina mama wengi wanasema mimi sikupata steroidi, kumbe. Krimu za kung'arisha uso na mwili, zile za tyubu, nyingi zina klobetasoli, na hiyo ni steroidi kali mno ya ngozi. Kupaka kidogo kwenye ukurutu kwa maelekezo ya daktari si shida. Lakini mtu anayejipaka mwili mzima mimba yote, utafiti umehusisha krimu kali zikizidi gramu 300 kwa ujauzito na watoto kuzaliwa na uzani mdogo, na mwenye kujipaka mwili mzima hizo gramu 300 anazimaliza mapema tu. Biharusi wetu wanaanza hizi krimu kwa ajili ya singo na harusi na mimba inawakuta bado wanazo. Mwambie mwenzio. Vidonge vya kunenepa vya kununua kwa kuhesabiwa kwenye kibahasha pia, uliza kemisti jina la dawa, ukisikia deksamethasoni au prednisoloni usimeze bila daktari.

Ila usichanganye. Pampu ya pumu iendelee, kukosa pumzi kunamdhuru mtoto kuliko dawa ya pampu inayobaki zaidi kwenye mapafu ya mama. Na aliyeandikiwa prednisoloni kwa ugonjwa kama lupasi asiache ghafla, mwili unaweza kuanguka, na prednisoloni kondo linaizima sehemu kubwa, inayofika kwa mtoto ni kama sehemu moja ya kumi.

Mimba ijayo

Pigwa skani mapema, kabla ya wiki 24, na hata mapema zaidi ikiwezekana. Najua ni pesa na kwa mtu wa Ndau au Kiwayu ni safari, lakini tarehe ya mimba ikikosewa ndo unadungwa wiki ambayo hukuhitaji, au unakosa wiki uliyohitaji. Andika pia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kalenda yoyote unayotumia.

Ukifikishwa hospitali tena na uchungu wa mapema, uliza, au mume wako aulize kwa utaratibu: Mimba ni wiki ngapi na mmejuaje? Mnaona nitazaa ndani ya siku 7? Nina dalili za maambukizi? Mtoto akizaliwa hapa, kuna sehemu ya kumtunza njiti? Hayo ndo masharti ambayo Shirika la Afya Duniani linayataka kabla ya sindano, kati ya wiki 24 na 34, na sababu ipo. Kulikuwa na jaribio lililotoka 2015, nchi sita na Kenya ikiwemo, la kuieneza hii sindano mpaka vituo vidogo, na watoto wadogo kabisa hawakuokoka zaidi, maambukizi kwa akina mama yakaongezeka na vifo vya watoto kwa jumla vikapanda kidogo. Dawa ile ile. Ila wengi waliodungwa hawakuwa wanazaa njiti kweli, na hakukuwa na matunzo ya kutosha baadaye. Kwa hivo maswali haya si ya kumjaribu daktari, na daktari mzuri atayajibu bila kukasirika.

Ukipewa dozi na hukuzaa, ukarudi tena baada ya wiki moja hatari ikiwa bado ipo, dozi moja ya kurudia inaruhusiwa. Zaidi ya hapo usikubali bila maelezo, dozi nyingi zinapunguza uzani wa mtoto. Sema wazi kama ulishadungwa sehemu nyingine, hasa ukiwa umehamishwa kutoka kisiwani kwa boti kuja Lamu mjini au kutoka Lamu kuletwa Malindi, manake karatasi hupotea njiani na mtu hudungwa upya. Kama una kisukari waambie pia, sukari itapanda siku kadhaa baada ya sindano, na mtoto akizaliwa sukari yake ipimwe saa za mwanzo manake yake inaweza kushuka.

Kama aliyekuwa tumboni ni wewe

Kuna vijana waliosoma hadi hapa wakijifikiria wenyewe. Muulize mama ako, kwa upole, alilazwa akiwa na mimba yako? Alidungwa kabla hujazaliwa? Ulizaliwa na kilo ngapi? Wengi hawajawahi kuulizwa na watakueleza mengi kuliko uliyouliza. Alichokwambia kiandike kwenye simu yako na umwambie daktari unayemuona, iwe ni kwa wasiwasi, kwa kukosa usingizi au kwa presha. Matibabu ya wasiwasi na huzuni hayabadiliki kwa sababu hiyo, ushauri unafanya kazi, dawa zinafanya kazi. Na kama mama ameshatangulia mbele ya haki, muulize khalati yako au mkunga aliyekuwepo, alafu nenda pale ofisi ya rekodi na jina la mama na mwaka uliozaliwa.